Mwanao Anasoma Udaktari? Msaidie Kufunga Kitabu

Ilikuwa saa nne za usiku, nasi tukiwa zamu wodini, simu ilipoita. Alikuwa binti yetu wa kwanza, ambaye alikuwa ametimiza wiki ya saba tu katika chuo cha udaktari. Hata shikamoo hakutupa. Alisema, "Mama, nimefeli anatomia," kisha akalia mpaka salio lake likaisha.

Huyu ni mtoto ambaye tangu darasa la kwanza hakupata kutoka katika watano wa mwanzo. Kidato cha tano na sita alisoma fizikia, kemia na biolojia, akafaulu vizuri. Siku ilipotoka habari kwamba amepata nafasi ya kusomea udaktari tulichinja mbuzi, na akina mama wa kanisani wakaja kwa vigelegele. Sasa muhula wa kwanza haujafika hata nusu, na mtoto analia gizani nje ya bweni.

Mpendwa msomaji, tunaandika haya kwa kuwa tunajua hatuko peke yetu. Shule ya udaktari ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1963, wanafunzi walikuwa wachache. Leo madaktari hufundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya na kwingineko. Kwa hiyo kila mwaka akina mama wengi hufunga sanduku la mtoto, humsindikiza kituo cha basi, na hurudi nyumbani wakidhani kazi ngumu imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza.

KOSA LETU

Baba yao aliuliza, "Kwani hasomi?" Jirani mmoja alitikisa kichwa akasema mjini kuna mambo mengi. Nasi tulimpa mtoto jibu ambalo wazazi wengi hulitoa: "Ongeza bidii, mwanangu. Punguza kulala."

Alitii. Alisoma mpaka saa nane za usiku, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameamka tena. Jaribio la pili lilipokuja, alipata alama za chini kuliko la kwanza.

Wanafunzi wa chuo wana maneno yao. Mtihani wa marudio huuita "sapu", na kuondolewa chuoni huita "kudisko". Binti yetu aliposema, "Mama, nitadisko," ilitubidi tumwulize maana yake. Tulipoelewa, usingizi ulitutoka. Tulilifikiria shamba la mahindi tulilouza ili kuongezea ada. Tuliwafikiria wadogo zake watatu ambao walikuwa wakimtazama yeye. Zaidi ya yote, tulimfikiria yeye mwenyewe, kwa maana alikwisha kuanza kusema kwamba huenda hana akili, na kwamba afadhali aache akasomee kitu kingine.

Leo tunakiri kwamba ushauri wetu wa kwanza ulikuwa mbaya. Mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa akipiga makasia kwa nguvu zake zote huku mashua ingali imefungwa gatini.

TULIYOYAONA MEZANI

Alikuja nyumbani kwa mapumziko mafupi, akakaa kwenye meza ya chakula na vitabu vyake. Kimoja kilikuwa kile kitabu kinene cha fiziolojia cha Guyton, chenye kurasa zaidi ya 1,000. Tulimtazama siku tatu bila kusema neno. Alikuwa na kalamu za rangi nne, za njano, kijani, waridi na buluu. Alisoma ukurasa, akapaka rangi, akausoma tena, akapaka tena. Kurasa nyingine zilikuwa zimejaa rangi kama kitenge cha sikukuu.

Jioni ya siku ya tatu tulikwenda, tukaweka mkono juu ya kitabu, tukakifunga.

"Niambie, mwanangu, mshipa wa fahamu wa saba wa kichwa una kazi gani?"

Alifungua mdomo, akafunga. Kisha akasema, "Mama, naujua. Upo ukurasa wa kushoto, chini, nimeupaka kijani."

Hapo ndipo tulipoona ugonjwa ulipo. Binti yetu alijua mahali lilipo jibu, wala hakulijua jibu lenyewe. Kila alipousoma tena ukurasa ule, macho yake yaliuzoea, na moyo ukamwambia kwamba amekwisha elewa. Ni kama mtu unayekutana naye sokoni kila Jumamosi. Sura yake unaifahamu sana, lakini ukiulizwa jina lake unabaki kimya. Na mtihani huuliza jina.

Kidato cha sita njia hiyo ilimfikisha, kwa kuwa mambo yalikuwa machache na alikuwa na miaka miwili ya kuyarudia. Mwaka wa kwanza wa udaktari humletea mwanafunzi, kwa wakati mmoja, anatomia ambayo ni elimu ya maumbile ya mwili, fiziolojia ambayo ni namna viungo vinavyofanya kazi, na biokemia ambayo ni kemia ya uhai. Kuna mifupa 206 ya mtu mzima, na kifundo kimoja tu cha mkono kina mifupa midogo 8. Kuna jozi 12 za mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Haiwezekani kuyasoma hayo yote mara tano tano.

WALIYOYAGUNDUA WATAALAMU

Sisi tuliosoma uuguzi tulilelewa na wakufunzi wa zamani. Tulikuwa naye mmoja ambaye alitupitisha kitanda kwa kitanda, daftari zikiwa zimefungwa, akiuliza, "Mgonjwa huyu anapewa dawa gani? Kwa nini? Utaangalia nini kabla ya kumpa?" Tulimwogopa kuliko chui. Lakini yale aliyotuuliza tunayakumbuka hata leo, na yale tuliyosoma kitandani usiku tukisinzia yamekwisha potea.

Kumbe wataalamu wamelichunguza jambo hilo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu kuhusu kumbukumbu baada ya kujipima mwenyewe kwa muda mrefu. Alijifunza silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani kilichosalia kichwani. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya tuliyojifunza hupotea haraka katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu huo hupungua kasi. Aligundua pia kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kuna faida kuliko kurudia mara nyingi kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2006, huko Marekani, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Kundi moja liliisoma tena. Kundi jingine liliweka karatasi kando likaandika yote liliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walishinda. Lakini baada ya wiki moja waliojiuliza bila karatasi ndio walioshinda. Tazama jinsi njia mbaya inavyodanganya, kwani kwa muda mfupi huonekana kuwa ndiyo nzuri!

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipitia njia 10 za kujisomea. Zilizopewa nafasi ya juu zilikuwa mbili, nazo ni kujipima na kugawanya masomo katika siku mbalimbali. Kupaka rangi na kusoma tena na tena ziliwekwa miongoni mwa zenye faida ndogo.

Basi neno letu leo ni hili. Kusoma kwa kweli huanza kitabu kinapofungwa.

NJIA TULIZOMWANZISHIA

Jambo la kwanza lilikuwa karatasi tupu. Baada ya kila somo binti yetu alikifunga kitabu, akachukua karatasi tupu, akaandika au kuchora yote aliyoyakumbuka. Kisha alifungua kitabu na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku za kwanza wekundu ulikuwa mwingi mno, akakata tamaa. Tulimwambia kwamba wekundu ule ndio utakaomwonyesha la kusoma kesho. Afadhali kukosea mezani kwa mama kuliko kukosea kwenye mtihani, na afadhali kwenye mtihani kuliko kando ya kitanda cha mgonjwa.

Jambo la pili lilikuwa sanduku la viatu. Njia hii ilielezwa na Sebastian Leitner katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1972. Kata karatasi ngumu ya manila vipande vidogo. Upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu. Ligawe sanduku vyumba vitatu. Kadi zote huanza chumba cha kwanza, ambacho huulizwa kila siku. Kadi iliyojibiwa sawasawa huhamia chumba cha pili, kinachoulizwa kila baada ya siku 3. Ikijibiwa tena huhamia cha tatu, kinachoulizwa mara moja kwa wiki. Iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika mwisho. Hivyo yaliyo magumu huonekana mara nyingi, na yaliyo mepesi hayapotezi muda. Siku hizi iko programu iitwayo Anki inayofanya kazi kama hiyo, nayo hupatikana bure kwenye kompyuta na simu za Android. Lakini sanduku la viatu halihitaji umeme wala bando.

Jambo la tatu lilikuwa kuuliza "kwa nini". Binti yetu aliijua orodha ya mishipa 12 kama wimbo, lakini wimbo hautibu mtu. Tulimweleza jambo ambalo sisi wauguzi hulikuta wodini. Mgonjwa huletwa uso umepinda upande mmoja. Daktari humwambia akunje paji la uso. Ikiwa mshipa wenyewe wa saba ndio uliodhurika, upande ule wote hulegea, na paji halikunjiki. Ikiwa ni kiharusi kilichoupiga ubongo, mara nyingi mdomo hupinda lakini paji bado hukunjika. Kwa nini? Kwa sababu sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, na upande mmoja ukizimika mwingine huendelea. Binti yetu aliposikia hivyo alisimama akaenda kwenye kioo, akakunja paji lake mwenyewe. Mshipa wa saba hakuusahau tena. (Nawe mama, usimpime mgonjwa nyumbani kwa njia hiyo. Uso wa mtu ukipinda ghafla, mpeleke hospitali mara moja.)

Jambo la nne lilikuwa kuyafungua maneno. Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na maneno mengi ya udaktari yana asili ya Kigiriki na Kilatini. Mtoto akijua kwamba "hepato" ni habari za ini, "nefro" ni figo, "kadio" ni moyo, na kwamba "aitisi" mwishoni ni uvimbe wa moto wa kiungo hicho, basi maneno mengi magumu hujifungua yenyewe. Anayekariri kila neno peke yake ni kama mtu anayebeba mahindi punje kwa punje.

MAMA WA VITUMBUA NA LITA 180

Huenda unasema, "Ninyi ni wauguzi, mnaweza. Mimi niliishia darasa la saba." Tafadhali sikiliza kisa hiki.

Katika kikundi chetu cha akina mama yuko mwenzetu anayeuza vitumbua. Jioni moja alikuja kutuazima sufuria, akamkuta binti yetu na sanduku lake. Akamwuliza, "Haya, daktari wangu, leo umesoma nini?"

"Shikamoo mama. Nimesoma figo."

"Marahaba. Nieleze hiyo figo, lakini kwa Kiswahili. Kizungu chako mimi sikijui."

Binti yetu alianza. Alisema kwamba figo mbili za mtu huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku. Mama yule akaweka sufuria chini.

"Lita 180? Hiyo si ndoo tisa za lita ishirini? Na mtu anakojoa ndoo tisa?"

"Hapana, mama. Anakojoa lita moja hivi, au mbili."

"Sasa maji mengine yanakwenda wapi?"

Binti yetu alinyamaza. Alikuwa amelisoma jibu hilo mara nne, kwa rangi mbili. Akaenda kulitafuta, kisha akarudi kumweleza mama yule kwamba karibu maji yote hayo hufyonzwa tena na kurudishwa kwenye damu njiani, katika vijifereji vidogo vya figo, na kinachobaki ndicho mkojo. Alipomaliza alikuwa anatabasamu. Baadaye swali kuhusu jambo hilo lilimkuta kwenye mtihani.

Je, umeona, mama? Yule mwenzetu hakuwa na elimu ya udaktari, alikuwa na swali la kweli. Tena, kwa kudai Kiswahili, alimnyang'anya mtoto mahali pa kujificha. Anayetamka maneno makubwa ya kigeni anaweza kudhani ameelewa, lakini akitakiwa kumweleza mama wa vitumbua, hapo atajijua.

USINGIZI NA CHUMBA CHA MAITI

Yako mambo mawili ambayo watoto huona haya kuyasema.

La kwanza ni usingizi. Sisi tunaofanya zamu za usiku tunajua jinsi alfajiri mtu anavyosoma jina la dawa mara mbili asilielewe. Mtu akilala, ubongo huyapanga na kuyaimarisha aliyojifunza mchana. Kijana anahitaji saa 7 au zaidi. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anafanana na mpishi aliyeipua wali kabla haujakauka.

La pili ni chumba cha anatomia, ambako wanafunzi hujifunza kwa mwili wa marehemu. Harufu ya dawa huchoma macho, na wengine hushindwa kula nyama kwa siku kadhaa. Binti yetu alificha hilo mwezi mzima akidhani ni udhaifu wake, na wakati wenzake wakishika na kutazama, yeye alisimama nyuma. Tulimwambia kwamba hata sisi mikono ilitutetemeka siku ya kwanza tulipomwosha marehemu, na kwamba heshima ndiyo dawa ya hofu hiyo. Mtu yule bado anatufundisha. Basi asogee mbele, aguse, ataje jina la kila anachokigusa. Mkono nao hukumbuka.

MAMA AFANYE NINI?

1. Usimwulize, "Umesoma saa ngapi?" Mwulize, "Umejiuliza maswali mangapi, na umekosa yapi?"

2. Mara moja au mbili kwa wiki, kwa simu, mwambie akueleze jambo moja kwa Kiswahili. Usipoelewa, sema hujaelewa. Usione aibu.

3. Akiwa nyumbani, shika kadi zake umwulize huku unachambua mchele. Jibu liko nyuma ya kadi, kwa hiyo huhitaji kulijua.

4. Mshauri awe na wenzake watatu au wanne wa kusoma nao, kila mmoja akiwafundisha wengine kwa zamu. Kundi la watu kumi hugeuka kijiwe.

5. Mhimize afanye mitihani ya miaka iliyopita mapema, bila kutazama majibu, asingoje wiki ya mwisho.

6. Akifeli jaribio la kwanza, usimlaumu wala usiwatangazie majirani. Mwambie amwone mwalimu wake wiki hiyo hiyo. Akiwa halali, hali, au anasema maisha hayana maana, hilo si suala la masomo tena. Mfuate, au mwombe mlezi wa wanafunzi amwone daktari siku hiyo hiyo.

7. Mwombee, na akijua unamwombea atapata nguvu. Lakini sala haichukui nafasi ya karatasi tupu.

MWISHO WA HABARI

Binti yetu alifanya mtihani wa marudio wa anatomia akafaulu. Masomo mengine alipita bila marudio. Hakuwa wa kwanza darasani kama alivyozoea. Alikuwa katikati, na ilimchukua muda kuridhika na katikati. Sisi pia ilituchukua muda, kwa maana tulikuwa tumezoea kusifiwa kwa ajili yake. Pengine hapo ndipo mzigo wake mwingine ulipokuwa, na sisi ndio tuliokuwa tumemtwika.

Udaktari ni miaka 5 ya chuo, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Sasa yuko mwaka wa tatu, ameanza kuingia wodini. Mwezi uliopita simu iliita tena usiku tukiwa zamu. Mioyo yetu ilishtuka, kwa mazoea. Lakini safari hii alitusalimu kwanza.

"Shikamoo mama. Leo ameletwa mzee mmoja, uso umepinda. Daktari akatuuliza wanafunzi tuanze na nini. Wenzangu wakaanza kufungua simu zao. Mimi nikamwambia mzee, tafadhali babu, kunja paji la uso."

"Likakunjika?"

"Likakunjika, mama. Wakampeleka haraka upande wa kiharusi."

Mgonjwa hatamwuliza daktari alikesha usiku mangapi, wala alipaka rangi kurasa ngapi. Atahitaji kile kilichobaki kichwani wakati kitabu hakipo. Basi, mama mwenzetu, mtoto akirudi likizo na vitabu vyake, mpe chakula, mpe nafasi mezani, kisha kaa karibu naye ukifunge kitabu. "Haya, mwanangu, nieleze."